Jiko Moja, Damu Moja: Kwa Nini Ukoma Humpata Huyu Ukamwacha Yule

Daniel Cornelius Danielssen hakuwa na shaka kwamba ukoma ni ugonjwa wa damu. Alikuwa bingwa wa maradhi hayo katika mji wa Bergen, Norwe, na mwaka 1847 yeye na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walitoa kitabu kilichosomwa Ulaya nzima, wakieleza kwamba ukoma hupita ndani ya ukoo kama pua ya babu inavyomshukia mjukuu. Ili kuonyesha kuwa hauambukizi, Danielssen alijichanja mwenyewe kwa majimaji yaliyotolewa kwenye vidonda na vinundu vya wagonjwa, tena si mara moja. Baadhi ya watumishi wa hospitali wakamfuata. Hakuna aliyeugua.

Kisha akapata mkwe mbishi. Gerhard Armauer Hansen, daktari kijana aliyefanya kazi chini yake, alimwoa binti wa Danielssen mwaka 1873, na mwaka huohuo, mwezi Februari, akaona kwa hadubini vijiti vidogo vidogo ndani ya vinundu vya mgonjwa. Akasema adui ndiye huyu, na adui huyu hutoka kwa mtu akaingia kwa mwingine. Kuthibitisha kukamshinda. Mwaka 1879 alimchoma mgonjwa mmoja, mwanamke, jichoni kwa kifaa chenye uchafu wa ukoma wa aina nyingine, bila kumwomba ruhusa. Mama yule hakupata aina ile mpya. Hansen akapata kesi, na mwaka 1880 mahakama ikamvua kazi yake ya hospitalini.

Baadaye dunia ilimpa ushindi mkwe. Bakteria aliyemwona ndiye anayeitwa leo Mycobacterium leprae, na hakuna mtaalamu anayebisha kwamba ukoma huambukizwa. Lakini ushindi huo uliacha swali la baba mkwe likining'inia: kama huambukiza, mbona yeye aliyejichanja hakuugua?

Swali hilohilo limo katika nyumba za huku kwetu. Wazee wa pwani waliuita ugonjwa huu jethamu au matana, na popote ulipokuwa, watu waliona mambo mawili yasiyopatana. Kwanza, ulirudi rudi katika nyumba zilezile, baba kisha mwana, hata ikasemwa kuwa fulani ni wa ukoo wenye ukoma, na posa ikavunjika kwa neno hilo tu. Pili, mke aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa miaka 30 alizikwa akiwa na ngozi safi. Aliyesema ni urithi alikuwa na ushahidi wake, na aliyesema ni kuambukizwa alikuwa na wake.

Jambo la kuanzia ni kwamba binadamu wengi sana, wanaokadiriwa kufikia asilimia 95, hawawezi kuugua ukoma hata wakikutana na bakteria wake. Mwili huwamaliza kimyakimya, na mwenye mwili hajui kwamba vita ilikuwapo. Bakteria mwenyewe ni mvivu wa ajabu. Huchukua karibu wiki mbili kugawanyika mara moja, wakati bakteria wa kuhara wa kawaida hugawanyika kwa dakika kama 20. Vinasaba vyake viliposomwa vyote mwaka 2001, ilionekana kwamba jeni zake zaidi ya 1,000 zimekufa, kama mashine zilizoachwa zishike kutu kiwandani. Hawezi kuoteshwa katika chupa ya maabara. Wanasayansi humlea kwenye nyayo za panya na katika mwili wa kakakuona wa Amerika, mnyama mwenye joto la chini. Hupenda baridi. Ndiyo maana hushambulia ngozi, pua, masikio na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, akayaacha maini na moyo. Njia yake kuu inaaminika kuwa ni pua na mdomo wa mgonjwa asiyetibiwa, kwa ukaribu wa muda mrefu. Kupeana mkono sokoni hakumpi nafasi.

Kwa hiyo swali halisi ni nani kati ya wale wanaoishi karibu na mgonjwa atakayeugua, na kwa nini yeye.

Jibu lililo bora zaidi lilitoka kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, katika wilaya za Nilphamari na Rangpur. Watafiti waliwachukua wagonjwa wapya 1,037, wakawatafuta watu 21,870 waliokuwa karibu nao, kisha wakawapanga kwa mizunguko, kama mawimbi yanayozunguka jiwe lililotupwa bwawani. Mzunguko wa ndani ulikuwa wa wale wanaokula jiko moja na kulala chini ya paa moja na mgonjwa. Wakafuata wengine waliokuwa chini ya paa lilelile, na majirani wa mlango wa pili. Nje kabisa walikuwa majirani wa majirani. Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya ukoo anaielewa ramani hiyo bila kufundishwa: kukaa nyumba moja ni jambo moja, kupakuliwa kutoka chungu kimoja ni jingine.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalifuata mizunguko ileile. Wa jiko na paa moja walikuwa katika hatari kubwa zaidi, majirani wa karibu wakafuata, na wa mbali wakawa na hatari ndogo. Hapo Hansen angetabasamu. Lakini watafiti waliuliza pia kila mtu ana uhusiano gani wa damu na mgonjwa, kisha wakaitenga hesabu ya damu na hesabu ya jiko. Watoto, wazazi na ndugu wa damu, walipojumlishwa pamoja, walikuwa na hatari zaidi hata baada ya umbali wa makazi kuondolewa kwenye hesabu. Aina ya ugonjwa wa yule wa kwanza nayo ilihesabika, na umri pia. Jiko lina mkono wake, damu ina mkono wake, na hakuna unaofanya kazi ya mwenzake. Mkwe na baba mkwe walikuwa wakigombania nusu mbili za jambo moja.

Kuna kosa moja linalofanywa kila mara na wanaosoma takwimu za namna hii. Hatari kubwa kwa mtu mmoja mmoja iko ndani ya nyumba, kweli, lakini majirani ni wengi kuliko wanakaya. Katika uchunguzi mmoja wa Sulawesi, Indonesia, uliotazama miaka 25 nyuma, wagonjwa 101 walifuatiliwa ili ijulikane nani alikuwa karibu na mgonjwa wa awali. Wale 79 walikuwa na mtu kama huyo: 28 ndani ya nyumba, 36 kwa jirani, na 15 katika mizunguko mingine ya maisha. Nyumba ilikuwa hatari zaidi, ila uwanja na baraza vilitoa wagonjwa wengi zaidi.

Huku kwetu, mfano ulio karibu ni Komoro. Ukoma umeshamiri kwenye visiwa vya Nzuani na Mwali, na huonekana kwa nadra Ngazidja, ingawa watu wa visiwa hivyo wanaoana, wanasali pamoja na wanafanana kwa asili. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba huko waligundua kwamba hatari haikuishia kwenye kizingiti cha mgonjwa. Ilitambaa hadi nyumba zilizo makumi ya mita kutoka kwake, ikipungua kadiri mtu anavyosogea mbali. Yeyote anayedhani kwamba damu peke yake inatosha kueleza ukoma aanze kwa kuwaeleza Wangazidja.

Na anayedhani kwamba kuishi karibu kunatosha, aende Hawaii. Serikali ya huko ilikuwa ikiwafungia wagonjwa wa ukoma kwenye rasi ya Kalaupapa, kisiwa cha Molokai. Padri Damien, Mbelgiji, alifika mwaka uleule wa 1873, akala nao chungu kimoja, akavuta nao kiko kimoja, akaugua, akafa mwaka 1889 akiwa na miaka 49. Mama Marianne Cope, mtawa kutoka Marekani, aliingia Kalaupapa mwaka 1888 na kuhudumu hadi alipofariki mwaka 1918, mwenye miaka 80, bila doa. Joseph Dutton, aliyekwenda kumsaidia Damien mwaka 1886, aliosha na kufunga vidonda kwa zaidi ya miaka 40, naye hakuugua. Cope alikuwa mkali wa usafi wa mikono, hilo linajulikana, na Damien hakuwa. Je, ni sabuni au ni jeni? Kwa watu watatu haiwezekani kusema.

Hawaii hiyohiyo ilifanya jaribio baya kuliko la Hansen. Mwaka 1884 daktari Eduard Arning alimpandikiza uchafu wa ukoma mtu aliyehukumiwa kifo, aitwaye Keanu, ambaye alikubali ili aponye shingo yake. Ndani ya miaka mitatu Keanu alikuwa na ukoma. Waliokuwa upande wa uambukizo walishangilia, hadi ilipobainika kwamba jamaa zake kadhaa wa damu walikuwa na ukoma tangu hapo. Huenda aliupata kwa kisu cha daktari, huenda kwa jiko la kwao.

Njia safi zaidi ya kuitenga damu na jiko ni mapacha. Mwaka 1973 Chakravarti na Vogel walichapisha uchunguzi wa mapacha nchini India. Kwa mapacha wa yai moja, wenye vinasaba vilevile, jozi 62, ilikuwa kama asilimia 60 ya jozi ambamo wote wawili waliugua. Kwa mapacha wa mayai mawili, jozi 40, ilikuwa asilimia 20. Wote walilelewa nyumba moja, kwa hiyo tofauti ile inaelekea kwenye vinasaba. Hata hivyo, jozi yenye wagonjwa wawili huonekana upesi kuliko yenye mmoja, basi namba hizo zisichukuliwe kama mizani ya dhahabu. Tena, katika kila jozi kumi za watu wenye jeni zilezile, nne hazikuugua pamoja. Vinasaba ni mwelekeo tu.

Baadhi ya jeni zenyewe sasa zinajulikana kwa majina. Kundi la Erwin Schurr wa Canada na wenzake wa Ufaransa na Vietnam, lililofuatilia familia za Kivietnamu, lilionyesha mwaka 2004 kwamba hatari ya ukoma imefungamana na sehemu ya jeni iitwayo PARK2. Hilo lilishangaza, kwa sababu jeni hiyo ilikuwa tayari inajulikana kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Kazi yake ni kama ya mzoa taka: huweka alama kwenye vitu vilivyoharibika ndani ya seli ili vivunjwevunjwe. Na bakteria wa ukoma, ambaye hujificha ndani ya seli ileile iliyommeza, ni taka ya hatari kuliko zote. Mwaka 2009 watafiti wa China, wakiongozwa na Zhang Furen, walilinganisha vinasaba vya wagonjwa 706 na watu 1,225 wasio na ukoma, kisha wakapima tena kwa maelfu ya wengine, wakapata jeni nyingine kadhaa. Mojawapo ni NOD2, kengele ya ndani ya seli inayolia ikigusa vipande vya ukuta wa bakteria. Nyingine ni za familia ya HLA. Hizi hutengeneza vitu kama sinia, ambavyo seli huviweka nje vikiwa na kipande cha mdudu aliyemezwa, kama mchuuzi anavyotembeza samaki, ili askari wa mwili wapite, waone na wajue adui ni yupi. Kila mtu amerithi sinia zenye umbo lake, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Zipo zinazomweka mdudu wa ukoma wazi, na zipo ambazo mdudu huyo hazimkai vizuri.

Hapa pana jambo ambalo hata wahudumu wa afya huwa hawapati muda wa kulieleza. Ukoma una ncha mbili, na kati ya ncha hizo mna madaraja mengi. Mdudu ni mmoja; kinachotofautiana ni mwili unaompokea. Kwenye ncha moja, askari wa mwili huja kwa nguvu, wakamzingira mdudu. Mgonjwa huwa na mabaka machache yenye ganzi na bakteria wachache mno, ila askari hao hao, kwa pupa yao, huharibu mishipa ya fahamu. Kwenye ncha ya pili, askari wamelala. Bakteria huongezeka kwa mamilioni yasiyohesabika, ngozi ikavimba na kutoa vinundu, na mgonjwa huyu, asipotibiwa, ndiye chanzo kikubwa cha maambukizo. Cha kushangaza, damu ya mgonjwa wa ncha ya pili imejaa kingamwili dhidi ya ukoma, na hazimsaidii. Kingamwili huogelea kwenye damu. Adui amejifungia chumbani.

Nguvu ya askari hao inaweza kupimwa. Mwaka 1919 daktari Mjapani Kensuke Mitsuda, ambaye baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa kuwafungia wagonjwa makambini, alianza kuchoma ndani ya ngozi bakteria wa ukoma waliouawa kwa joto. Baada ya wiki tatu au nne, mwenye askari imara hutoa kinundu kigumu. Asiye nao hatoi kitu. Kipimo hicho hakisemi nani ni mgonjwa. Kinasema mwili utafanya nini ukikutana na mdudu. Na kilipofanywa kwa wanafamilia wa wagonjwa katika familia 20 za Kivietnamu, ukubwa wa kinundu ulionekana kufuata urithi wa kipande kimoja cha vinasaba, chenye jeni ya NRAMP1. Hata ile kinga inayoonekana kwa macho, juu ya mkono wa mtu asiyeumwa, ina alama ya wazazi wake.

Lakini mwili hufundishwa pia. Wanaoishi na wagonjwa, wakipimwa damu, mara nyingi hukutwa na kingamwili za ukoma, na wengine hukutwa na vinasaba vya bakteria puani, wakiwa wazima kabisa. Wamekutana naye, wakamfukuza, au wangali wanapambana. Somo lingine hutoka kwa binamu za bakteria huyu, wanaoishi kwenye udongo na maji, na kwa yule aliye kwenye chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo mkononi mwa karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki. Chanjo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kifua kikuu. Ubora wake kwa ukoma ulithibitishwa mashariki mwa Uganda: kuanzia mwaka 1960, watoto takriban 19,000, waliochaguliwa kwa sababu walikuwa jamaa wa wagonjwa au waliishi karibu nao, walifuatiliwa, nusu wamechanjwa na nusu hawakuchanjwa. Ukoma ulipungua kwa kama asilimia 80 kwa waliochanjwa. Jaribio la Burma, kwa chanjo ya jina hilohilo, lilitoa karibu asilimia 20 tu. Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe ukitokea Kyela, kulipatikana kinga ya kama nusu, na dozi ya pili ikaongeza kinga ya ukoma bila kuongeza ya kifua kikuu. Mtoto hachanjwi akiwa karatasi tupu. Udongo alioukanyaga na maji aliyoyanywa vimeshamwandika kidogo, na hilo ni mojawapo ya maelezo yanayotolewa kwa tofauti hizo.

Kutokana na yote hayo imezaliwa huduma rahisi. Kule Bangladesh, watu wa karibu na wagonjwa walipewa dozi moja tu ya dawa ya rifampisini, na wagonjwa wapya wakapungua kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya kwanza. Waliokuwa na BCG ya utotoni na wakapata dozi hiyo walifikia asilimia 80. Faida ilikuwa ndogo zaidi kwa ndugu wa damu kuliko kwa majirani, pengine kwa kuwa ndugu wanabeba mizigo yote miwili, jiko na damu, na dozi moja haitoshi kuitua. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi hiyo kwa wanaoishi karibu na wagonjwa, kuanzia miaka miwili, baada ya kuhakikisha hawana ukoma wala kifua kikuu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoijaribu kabla, na Komoro imekuwa uwanja wa kupima dozi zenye nguvu zaidi.

Ndipo kumtenga mgonjwa kunapoonekana kuwa ujinga wa kihesabu, mbali na kuwa dhuluma. Kwa kawaida ukoma huchukua miaka mitano hivi kujitokeza, na huweza kufika 20. Siku jirani anapoliona baka na kuanza kumkwepa mgonjwa, ukaribu wenye hatari ulishapita zamani. Na mgonjwa akishaanza dawa, hatari ya kuambukiza hutoweka upesi. Watu humkimbia mgonjwa akiwa si hatari tena, baada ya kuishi naye kwa raha wakati alipokuwa hatari.

Dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 kwa mwenye mabaka machache na 12 kwa mwenye mengi. Mwenye baka lenye rangi hafifu au wekundu, lisilowasha, asilohisi likiguswa kwa pamba akiwa amefumba macho, aende kituo cha afya. Aende na wale anaokula nao jiko moja, na awapigie simu ndugu zake wa damu wakapimwe pia, hata waliokwisha kuhamia mji mwingine.